Chumba cha Mapipa

Komeo liliingia mahali pake kwa kishindo, na haikupita hata dakika taa zikazimika. Sihaba alikuwa ameuweka mkono ukutani kuusikia ubaridi wa chokaa. Aliuacha palepale, kwa kuwa gizani hakuona pengine pa kuuweka.

“Xiao Liu,” aliita. Huyo alikuwa binti wa kiwandani aliyewatembeza tangu asubuhi, akitangulia mbele kufungua milango. “Xiao Liu, siye tumo ndani huku.”

“Keshakwenda kula,” ilisema sauti ya mwanamume kutoka upande wa pili. “Ni adhuhuri. Hapa ikifika adhuhuri wanazima taa, wanakula, kisha wanalala. Kiwanda kizima. Hata laoban, bosi mwenyewe, utamkuta kajilaza kitini mdomo wazi. Bila shaka kadhani tushatoka.”

“Gonga mlango.”

Akagonga. Mlango ulikuwa wa mbao nene zilizofungwa kwa mikanda ya chuma, na ngumi yake ilitoa sauti ndogo ya kusikitisha. Akagonga tena kwa kiatu. Kisha akatoa simu, akaitazama, akaiwasha tochi na kuilaza sakafuni katikati yao.

“Haishiki,” alisema. “Kuta hizi hazipitishi kitu.”

Kwa mwanga wa tochi Sihaba aliuona uso ambao asubuhi yote alikuwa akiukwepa. Mwenye uso huo aliitwa Ameir, na Sihaba alikuwa amekwisha kula kiapo kwamba hatakaa naye chumba kimoja maisha yake yote. Kiapo hicho hakukila kwa hasira. Alikila kwa kujionea huruma, kwa sababu alijua akikaa naye kitambo kidogo tu hataweza tena kuolewa na mtu mwengine, na harusi yake na mtu mwengine ilikuwa imeshapangwa.

Mtu huyo mwengine ni Bwana Dullah. Usimdhanie jitu la kutisha. Dullah alikuwa mpole, msafi, ananukia udi, na anapoongea nawe hapandishi sauti. Makontena yake yalikuwa hayakauki bandarini Huangpu, huku Uchina. Siku moja katika safari zake alikuta kiwanda kinachotengeneza nyumba za kupakia, nyumba nzima vipandevipande, na nyuma ya kiwanda wamesimamisha ya maonyesho ili mteja aingie ajionee. Ilikuwa imeigwa kutoka nyumba za mashamba ya zabibu za Ureno na Uhispania: kuta nyeupe nene, madirisha yaliyozungushiwa mstari wa buluu, paa la vigae vyekundu, behewa, yaani ua wa ndani, lenye kisima katikati, na vigae vya maua ukumbini. Wachina, kwa kukamilisha mambo, walipanda mizabibu ya plastiki kwenye kilima cha udongo mbele ya baraza, na vishada vyake vilikuwa vimeshika vumbi la barabara. Dullah hakujali zabibu. Alilipenda lango. Aliupenda ule ukuta mrefu uliozunguka kila kitu. Akasema hii ndiyo nyumba ya kumweka mke.

Kwa hiyo Sihaba alikuwa amekuja Guangzhou na Shangazi Fathiya, aliyemlea tangu wazazi wake walipofariki, kuiona nyumba na kusema neno moja tu: nimeridhia. Akishalisema, nyumba inapakiwa kesho. Dullah mwenyewe alikuwa safarini Yiwu, na aliahidi kupiga simu mchana ili alisikie neno hilo kwa masikio yake. Mkalimani aliletwa na wakala aliyesimamia biashara hiyo. Gari liliposimama langoni, mkalimani akageuka, na Sihaba akaona kuwa ni Ameir.

Shangazi hakumtambua. Angemtambuaje? Ameir alipotaka kumuoa Sihaba alifanya kama inavyotakiwa: yeye akakaa kwao, wakaenda wazee kupeleka posa. Shangazi alizungumza na wazee, akawanywesha sharubati, akawauliza swali moja: huyo mwanafunzi wenu mtoto wangu atamlaza wapi? Wazee wakatazamana. Posa ikarudi, na uso wa mposaji Shangazi hakuuona hata siku moja. Ndiyo maana asubuhi hii alimsifu mara kadhaa, kijana gani huyu mwenye adabu, mama yake kapata mtoto. Sasa goti lilimsumbua, akabaki juu barazani na chai yake, akiamini kuwa mwanawe yuko na Xiao Liu.

“Shangazi atakuja kututafuta,” Sihaba alisema.

“Na yeye kalala. Nilimwona kabla hatujashuka, keshaanza kusinzia.”

“Basi kaa huko huko uliko.”

“Sijasogea.”

Kweli hakusogea. Alikuwa amesimama ubavuni mwa mlango, mgongo ukutani, mikono nyuma kama mtu anayesubiri kuhukumiwa. Sihaba akakaa juu ya pipa moja. Kulikuwa na mapipa ya mbao yamepangwa upande mmoja kama pambo, matupu, na kila ukiligusa moja linaitikia kwa ndani. Dari lilikuwa la tao, la chini, na lilimfanya mtu ajisikie mrefu kuliko alivyo. Kila alipoinua macho aliyakuta ya Ameir yanamtazama, kila mmoja akayaondoa yake, na baada ya kidogo wakarudia.

“Umekonda,” Ameir alisema mwisho wake.

“Hayakuhusu.”

“Kweli. Hayanihusu.”

“Weye umefuga ndevu.”

“Kwa ajili ya baridi.”

Sihaba alitaka kucheka, akajizuia. Alimkumbuka kijana aliyekuwa akija dukani kwake Darajani, kwao Zanzibar, kununua mashati, kila wiki shati, mpaka wasichana wa duka la pili wakawa wanamuuliza kama ana ndugu mapacha wanane. Hayo mashati hakuyavaa. Alikuwa anakuja kukaa kwenye kigoda na kumtazama Sihaba akigombana na wateja juu ya bei.

“Humu ndimo chumbani mwangu,” Sihaba alisema. “Wakala kanionyesha. Kitanda hapa, kabati pale yalipo mapipa. Hebu niambie, weye si ndiye msomi wa majumba? Wareno wenyewe kwao humu wanafanya nini?”

Ameir aliupapasa ukuta nyuma yake. Alikuwa amesoma nyumba hizi kweli. Chuo kikuu chake cha hapa Guangzhou kilimpeleka Ureno na mwalimu wake, wakapima nyumba za mashamba ya mvinyo moja baada ya nyingine, kwa kuwa alitaka kujua namna kuta nene zinavyozuia joto, aje awajengee watu wa kwao.

“Sihaba, tuseme mengine.”

“Nimekuuliza.”

“Wanaweka mvinyo,” alisema. “Zabibu wanazikanyaga kwa miguu juu kule, kwenye hodhi la jiwe, watu wameshikana mabega wanaimba. Wakishamaliza, maji yake yanashushwa huku, yanatiwa kwenye mapipa, mlango unafungwa. Hakutakiwi joto, hakutakiwi mwanga, hakutakiwi kelele. Mwenye nyumba anashuka mara mojamoja na mshumaa, anaonja, anapanda zake. Watu wanaishi juu. Juu kuna madirisha makubwa, unaona shamba lote mpaka mtoni.”

“Na nani kasema mimi nikae kwenye mvinyo?”

Ameir aliinamisha kichwa, na Sihaba akajua kabla hajajibiwa.

“Miye,” Ameir alisema. “Nimekichora miye.”

Alieleza akitazama tochi. Wakala alimletea ramani ya nyumba aibadilishe, mteja ni Mwislamu wa Zanzibar, aondoe yote ya mvinyo. Kanisa dogo likawa stoo. Hodhi la kukanyagia likawa la maji. Na mteja anataka chumba cha mkewe kiwe mbali na baraza, mahali penye ubaridi. Ameir alikuwa ameingia kwenye ghala kama hili kule Ureno siku ya jua kali la kiangazi, akaona raha mwili mzima, akamkumbuka mama yake anayelala sakafuni miezi ya joto. Akasema ndani ya moyo wake, huyu mume ana huruma. Akalifuta ghala, akaandika chumba cha mke.

“Nilikuwa nimekitia dirisha,” alisema. “Dogo, juu, lielekee behewani. Ramani ikarudi dirisha limefutwa.”

“Hukuuliza?”

“Niliuliza. Nikaambiwa mteja hataki. Nikanyamaza. Nilisema mke wa mtu, nyumba ya mtu.”

“Na ungejua ni miye?”

“Ningegoma, Sihaba. Ningeichana.”

“Kwa hivyo angekuwa mwanamke mwengine, na akae.”

Hilo lilimpata. Aliteremka taratibu kwa mgongo mpaka akaketi chini, magoti yameinuka, akajifunika uso. Sihaba alimhurumia, na alikasirika kwa kumhurumia.

“Na weye umenyamazia nini?” Ameir aliuliza kutoka nyuma ya viganja vyake. “Asubuhi yote unaonyeshwa. Lango, ndio. Ukuta, ndio. Jikoni, ndio. Sihaba ninayemjua miye alikuwa hapokei hata kitufe cha shati bila kukigeuza.”

“Sihaba huyo alingoja mtu arudi na posa ya pili. Hakurudi.”

“Ningerudi na nini? Swali la Shangazi yako lilikuwa lilelile. Sina nyumba.”

“Hukuja kuniuliza miye.”

Sauti yake ilikuwa imeanza kumsaliti, akaiacha imsaliti. “Unajua Dullah kaniambia nini? Kaniambia kwa upole kabisa, nikishaolewa nisihangaike tena. Duka nifunge. Soko la nguo la Shahe nisije. Nguo nitanunuliwa. Ameir, miye Shahe naipenda. Napenda kubishana na wale mama, nikisema tai gui le, ghali mno, wananiambia ghali nini, ondoka, naondoka, wananivuta mkono. Napenda kubeba mizigo yangu. Nimesema ndio kwa kuwa Shangazi kachoka, kanilea, anataka kufa ameniona nimesitirika. Kila ninapotaka kusema hapana naliona goti lake. Basi nimesema ndio, ndio, ndio, mpaka nimefika humu.”

Tochi ilififia. Simu ilikuwa inaishiwa chaji. Ameir akainyanyua, akaizima ili ibaki kidogo ya dharura, na giza likawafunika wote wawili. Palikuwa kimya kiasi kwamba Sihaba aliisikia pumzi yake mwenyewe ikirudi kutoka ukutani. Akafikiria usiku wa harusi, akafikiria usiku wa pili, na zile zote baada ya hapo Dullah akiwa Yiwu, Dubai, Huangpu, na yeye humu.

“Ameir.”

“Nipo.”

“Usinyamaze. Sema chochote.”

“Nakupenda,” Ameir alisema. “Sina jengine la kusema. Nilipokuwa kule, kila nyumba niliyoipima nilikuwa naangalia wapi ungekaa weye. Nilikuwa nakuweka juu, kwenye baraza ya juu, penye upepo, unagombana na watu wanaopita chini. Halafu nimekuja kukuchorea hapa. Mungu ananiona.”

Sihaba alilia bila sauti. Hawakusogeleana. Walikuwa na upana wa chumba baina yao, na upana huo, kama alivyokuja kukiri mwenyewe baadaye, ndio uliomwonyesha jinsi alivyokuwa akimtaka.

Taa zilipowaka walifumba macho wote wawili. Komeo likachomoka. Xiao Liu alisimama mlangoni, alama ya mkeka wa kulalia bado shavuni, akawaona, akaushika mdomo wake, akaomba radhi kwa Kichina bila kupumua. Nyuma yake, akishuka ngazi kwa kushika ukuta, alikuwa Shangazi Fathiya.

“Ulikuwa wapi?”

“Humu, Shangazi. Tumefungiwa.”

“Na nani?”

“Na mkalimani.”

Shangazi alimtazama Ameir, aliyekuwa amesimama kwenye kona ya mbali kabisa na vumbi la chokaa mgongo mzima. Akamtazama Sihaba, macho mekundu. Alikuwa mwanamke wa mji, alijua habari kama hii ikifika Zanzibar itafika na nyongeza. Akamsogelea mwanawe, akasema kwa sauti ndogo.

“Sikiliza. Tulikuwa watatu. Nilishuka nanyi, goti likanishika, nikakaa juu ya hilo pipa. Ndivyo tutakavyosema, na kijana atasema hivyohivyo. Umenisikia?”

“Na Dullah akikuuliza chumba kikoje?”

“Nitasema kizuri.”

“Hujakiona.”

Shangazi akasita.

“Ingia, Shangazi,” Sihaba alisema. “Kama ulikuwa humu, basi ingia uwe umekuwamo. Ukae hapo nilipokaa. Mpigie Dullah ukiwa humohumo umwonyeshe chumba cha mwali wako.”

“Hilo ndilo,” Shangazi alisema, akapata nguvu. Alipenda mambo yawe na ushahidi. Akaingia na simu yake, akatandaza leso juu ya pipa, akaketi, akaanza kubonyeza; simu haikushika. Ameir na Xiao Liu wakatoka. Sihaba akatoka mwisho. Halafu, bila kuambiwa na mtu, akausukuma mlango, akalirudisha komeo, na akainua mkono kwenye swichi iliyokuwa ukutani nje, akazima taa.

“Sihaba,” Ameir alisema.

“Kidogo tu.”

Alisimama ameshika komeo. Alitega sikio. Hakusikia kitu. Alidhani Shangazi amekaa kimya kwa kukasirika, na akaogopa, maana hajawahi kumvunjia heshima tangu akue. Alihesabu pumzi zake chache, akashindwa, akafungua.

Shangazi Fathiya alikuwa amesimama mlangoni palepale, mtandio umemdondoka, viganja vyote viwili vyekundu.

“Nimekuita,” alisema.

“Sikusikia, Shangazi.”

“Nimegonga. Nimekuita kwa jina lako. Nimekuita kwa jina la mama yako.”

“Wallahi sikusikia.”

Shangazi aliugeukia mlango, akaugusa unene wake kwa kidole. Hakumgombeza. Aliomba maji. Aliyanywa kwa haraka, nusu yakamwagikia buibui. Kisha wakapanda ngazi wote, polepole kwa ajili ya goti, wakafika barazani, na hapo juu simu ikashika mtandao na kulia papohapo mkononi mwake. Alikuwa Dullah.

“Shikamoo, Shangazi,” Dullah alisema kwa ile sauti yake laini, uso wake umejaa kwenye kioo. “Nawapigia hampatikani. Mwali wangu yupo? Amekiona chumba chake?”

“Marahaba, baba. Amekiona. Na miye nimekiona. Hakina dirisha.”

“Ndio, Shangazi. Kina ubaridi wake. Tutatia na televisheni kubwa.”

“Nataka dirisha.”

Dullah alicheka kidogo, kwa heshima. “Dirisha la nini, Shangazi? Aone nini? Nyumba nzuri ni ile ambayo mke wake hajulikani hata kama yumo.”

“Na akiita?”

“Amwite nani?”

Shangazi aliyaondoa macho kwenye kioo. Mbele yake mizabibu ya plastiki ilikuwa imesimama safusafu kwenye kilima chake cha udongo. Sihaba alikuwa ameubana mkono wa kiti mpaka kucha zikamuuma. Alijua kuwa kinywa kinachosubiriwa si cha Shangazi, ni chake, na alikuwa amekinyamazisha muda mrefu.

“Dullah,” alisema, akainama ili aonekane kwenye kioo. “Sijaridhia.”

“Chumba? Tunabadilisha rangi—”

“Sijaridhia chumba, wala ukuta, wala lango. Nisamehe. Sijaridhia.”

Dullah alimtafuta Shangazi kwa macho. “Shangazi, huyu ana nini?”

Sihaba alingoja. Alimwona Shangazi anakitazama kiganja chake chekundu, anakifumba, anakifumbua.

“Nyumba yako ipakie, baba,” Shangazi alisema. “Ni nzuri, ina kila kitu. Mtoto wangu hapandi kontena hilo. Mengine tutazungumza na wazee wako nyumbani, kwa heshima, kama tulivyoanza.” Akaikata simu, akaiweka kifudifudi mezani, akaanza kulia kwa namna ya watu wazima, bila kubadili uso. Sihaba akapiga magoti, akaikumbatia miguu yake, akaomba radhi ya mlango, na Shangazi akampapasa kichwani.

Ilipita muda kabla Shangazi hajainua macho. Ameir alikuwa amesimama mwisho wa baraza, hajui aondoke ama abaki.

“Na weye, kijana,” Shangazi alisema. “Asubuhi nzima nakuita kijana, kijana. Mtoto wa nani?”

Ameir akamtazama Sihaba. Sihaba hakumsaidia.

“Miye ni Ameir, Shangazi. Wa Kikwajuni. Wazee wangu walikuja kwako kuniposea Sihaba. Uliwapa sharubati.”

Shangazi alimtazama kwa muda mrefu, kuanzia ndevu mpaka vumbi la viatu, kama anayelinganisha kijana aliyemsifu kutwa na jina alilolirudisha.

“Niliwauliza swali,” alisema.

“Jibu ni lilelile. Nyumba sina. Nina chumba kimoja cha wanafunzi, ghorofa ya sita. Kitanda, meza, na madirisha mawili.”

Shangazi Fathiya alijifuta macho kwa ncha ya mtandio, akaurudisha kichwani vizuri.

“Yanafunguka?” aliuliza.